Linux na kompyuta za bei chee: taabu inatoka wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, au yale ya Nairobi yanayouza mashine zinazoitwa Ex-UK, utaona haraka masharti hayo yanamgusa nani. Nyingi kati ya HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizopangwa pale ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Ni mashine nzima, kibodi zake imara, kazi zinafanya, lakini kwa masharti ya Windows 11 zimeshapitwa. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa njia za mzunguko. Anaweza pia kukupigia Linux, bila leseni ya kulipia, na mashine ikaendelea kupata masasisho halali kwa miaka.

Ushuhuda wa waliojaribu haufanani hata kidogo. Mmoja atakuambia aliweka Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba na kila kitu kikakubali kabla hajamaliza kusakinisha. Mwingine, aliyenunua laptopu mpya dukani kwa bei ile ile, atakuambia Linux ni ya wataalamu: waifai haikuonekana, spika zilikaa kimya, na mashine ilikuwa ikiganda katikati ya kazi. Wote wawili wanasema kweli, na ujuzi wao unaweza kuwa sawa kabisa. Walichotofautiana ni sababu iliyoifanya kila mashine iuzwe kwa bei ya chini.

Kuna mashine ambayo bei yake imeshushwa na umri, na kuna mashine iliyobuniwa tangu siku ya kwanza iuzwe rahisi. Dukani zinaweza kukaa meza moja na bei zikakaribiana, lakini kwa Linux ni viumbe wawili tofauti.

Za kundi la kwanza, mfano EliteBook 840, Latitude E7440 au ThinkPad T450, zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua kwa maelfu. Mnunuzi wa aina hiyo hataki kushtukizwa. Anataka mashine ya leo na ya mwezi ujao ziwe na vifaa vile vile ndani. Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, imekuwa ikipima mashine za Dell, HP na Lenovo za daraja hili na kuzithibitisha, na ThinkPad hasa zimekuwa mezani kwa waandishi wengi wa kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa miaka. Kwa hiyo mashine inapofika Kariakoo, draiva zake zimeshakaa ndani ya kerneli muda mrefu na kasoro zake nyingi zimeshaondolewa. Kinachobaki kusumbua mara nyingi ni kisomaji cha alama za vidole. Betri nayo itakuwa imechoka, ila hilo utalikuta hata ukibaki na Windows.

Za kundi la pili zinatoka kwenye hesabu ya senti. Mtengenezaji anachukua chipu ya waifai kwa yeyote anayeuza rahisi mwezi huo, anachagua chipu ya sauti ya gharama ya chini kabisa, na programu ya kuwashia mashine inajaribiwa na Windows moja tu kisha bidhaa inaingia sokoni. Mbaya zaidi, kilichomo ndani kinaweza kubadilika na jina la nje likabaki lile lile. Mfano unaojulikana sana ni kile kifaa kidogo cha waifai cha USB cha TP-Link, TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaiendesha vizuri na hata fimuwea yake, yaani programu ya ndani ya chipu, iko wazi. Toleo la pili na la tatu likaja na chipu ya Realtek, isiyo na uhusiano wowote na ile ya kwanza. Aliyenunua kwa kufuata sifa alizozisikia akajikuta na kifaa kingine kabisa, ndani ya boksi lenye jina lile lile.

Hata hivyo si haki kusema urahisi wa bei peke yake ndio unaoikataa Linux. Mwaka 2007 Asus ilitoa Eee PC 701, kompyuta ya skrini ya inchi 7 yenye RAM ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4, na ikaiuza ikiwa na Linux ya Xandros. Mwaka huo huo ilitoka XO-1 ya mradi wa One Laptop per Child, yenye RAM ya megabaiti 256, ikiendeshwa na Linux iliyojengwa juu ya Fedora. Rwanda ilizigawa kwa wingi katika shule zake za msingi. Zilikuwa mashine dhaifu mno, lakini zilifanya kazi kwa sababu mbunifu alijua toka mwanzo ni mfumo gani utakaa ndani, akachagua vipuri kwa kuangalia hilo. Mashine ikibuniwa kwa Windows pekee na kwa bei ya kubana, kazi ile ya kuchagua inageuka kuwa kazi ya kutibu, na anayeifanya ni mnunuzi.

Tuiangalie moja kwa karibu. Asus X205TA iliingia sokoni mwishoni mwa 2014: nyembamba, nyepesi, bei ndogo, prosesa ya Intel Atom Z3735F, RAM ya gigabaiti 2 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI, yaani programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo wowote, ni ya biti 32, sawa na Windows iliyokuja nayo. Ukichomeka fleshi ya Ubuntu iliyoandaliwa vizuri kabisa, mashine haitaiona. Yenyewe inatafuta faili la bootia32.efi, na fleshi imebeba bootx64.efi. Mwenye mashine atalaumu fleshi, atanunua nyingine, na hali itabaki vile vile. Kerneli ilipata uwezo wa kuwaka katika mchanganyiko huo mwaka 2014, toleo la 3.15, na Debian 8 ya mwaka 2015 ikaujumuisha katika mfumo wake wa kusakinisha.

Ukivuka kizingiti hicho unakutana na waifai. Chipu yake ya Broadcom haihitaji fimuwea peke yake. Inahitaji pia faili la vipimo vya redio vya bodi hiyo hiyo. Faili hilo hulikuti kwenye fleshi. Limehifadhiwa ndani ya UEFI ya mashine, na kwa kerneli za miaka ile ilibidi ulinakili kutoka /sys/firmware/efi/efivars hadi kwenye folda ya fimuwea, kisha ulipe jina hasa ambalo draiva ya brcmfmac inalitafuta. Mtu asiyeambiwa hawezi kulibahatisha jambo kama hilo, hata awe hodari namna gani.

Halafu mashine inaganda. Prosesa za familia hiyo, Bay Trail, zilikuwa na ugonjwa wa kusimama kabisa zinapoingia kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme, na watumiaji wa Linux waliulalamikia kwa miaka. Dawa iliyosambaa ni kuongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Mashine inatulia, ila betri inaisha upesi, kwa sababu umeikataza prosesa kulala. Hans de Goede, akiwa Red Hat, alitumia miaka kurekebisha sauti, skrini za kugusa na vipimo vya betri vya mashine za familia hii na ile iliyoifuata, Cherry Trail. Kwa kazi hiyo, kerneli za leo zinaziendesha vizuri kuliko zile za mwaka 2015. Mimi singemshauri mtu kuinunua sasa. Lakini aliye nayo kabatini asiitupe: Debian yenye eneo-kazi jepesi inaifanya ifae kwa kuandikia na kusomea.

Nikiruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu laptopu ya bei ya chini, nitauliza chipu ya waifai ni ipi. Skrini, kibodi, diski na matundu ya USB vimeshazoeleka mno, Linux inavijua. Waifai ndiko senti zinakobanwa zaidi, na bila waifai mtumiaji wa kawaida hana namna ya kutafuta dawa ya tatizo lolote lingine.

Kwenye Windows, draiva inaandikwa na mtengenezaji wa chipu na kufungashwa pamoja na mashine. Kwenye Linux, mahali pake ni ndani ya kerneli, ambako inasomwa, inakosolewa na kutunzwa na watu wa makampuni mengi na wa kujitolea. Mtengenezaji akishiriki, kama Intel inavyofanya kwa kadi zake, mtumiaji hajui hata kwamba kulikuwa na kazi. Asiposhiriki, mtu mwingine anakaa na chipu na kubaini inavyofanya kazi kwa kuichunguza. Chipu za zamani za Broadcom, zilizojaa kwenye laptopu za miaka ya 2000, zilipata draiva ya b43 kwa uchunguzi wa namna hiyo. Kabla yake wengi walitegemea NDISwrapper, iliyopakia draiva ya Windows ndani ya Linux, na ambayo mara nyingi iliiangusha mashine nzima. Broadcom yenyewe ilianza kutoa draiva ya wazi kwa baadhi ya chipu zake mwaka 2010.

Leo jina linalotajwa zaidi kwenye mashine za bei ya chini ni Realtek. Chipu yake ya RTL8821CE ilijaa kwenye laptopu ndogo kwa miaka kabla draiva haijaingia kwenye kerneli toleo la 5.9, Oktoba 2020. Ubuntu 20.04, iliyotoka miezi michache kabla, ilikuja na kerneli 5.4. Aliyeisakinisha kwenye mashine mpya akakuta orodha ya mitandao haina kitu. Ilimbidi aongeze draiva ya pembeni inayojijenga upya kila kerneli inaposasishwa, na siku ujenzi huo ukishindwa, waifai inapotea asubuhi bila onyo. Iwapo Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa programu isiyo na saini inayoaminika, imewashwa, draiva hiyo inakataliwa mpaka usajili ufunguo wake kwenye skrini ya bluu inayojitokeza mashine inapowaka tena baada ya kusakinisha. Wengi huipita skrini hiyo wakidhani ni hitilafu, kisha wanahangaika siku nzima.

Tatizo jingine lilizikuta baadhi ya laptopu za HP zenye chipu ya Realtek RTL8723BE. Kadi ina sehemu mbili za kuunganishia antena, lakini kiwandani iliwekwa antena moja tu, na taarifa iliyoandikwa ndani ya kadi ikaielekeza draiva upande usio na waya. Waifai inaonekana, inaunganika ukiwa umekaa karibu kabisa na ruta, na ukisogea chumba cha pili inakatika. Dawa ni mstari mmoja kwenye folda ya /etc/modprobe.d: options rtl8723be ant_sel=2, au ant_sel=1 ikiwa hiyo haikusaidia. Kuna watu waliouza laptopu zao kwa kukosa mstari huo.

Hapa lazima nimtaje Larry Finger. Mmarekani huyu, mstaafu, alizitunza draiva za b43 na za Realtek kwa miaka mingi, akajibu maswali ya watu wasiojuana naye, na akatoa matoleo yanayokubali kerneli za zamani ili mwenye mashine ya bei ndogo asiachwe nyuma. Alifariki Juni 2024. Mwanafunzi wa Mwanza au Bujumbura aliyefungua intaneti kwenye laptopu yenye chipu hizo, huenda aliifungua kwa kazi ya mikono ya mzee huyo. Naona ni jambo zito kwamba bidhaa inayouzwa na makampuni makubwa ilitegemea kiasi hicho uvumilivu wa mtu mmoja. Na mtindo wenyewe haujaisha: chipu ya MediaTek MT7902 ilipachikwa kwenye laptopu mpya za bei nafuu na ikakaa miaka bila draiva ya Linux, wakati ndugu yake wa karibu, MT7921, alikuwa anafanya kazi vizuri.

Kujua chipu uliyonayo hakuhitaji kufungua mashine. Amri ya lspci -nnk inaonyesha vifaa vingi vya ndani, kila kimoja pamoja na namba zake mbili. Namba 10ec:c821 ni ile RTL8821CE. 10ec:b723 ni RTL8723BE. 14e4:4315 ni BCM4312 ya Broadcom. Nusu ya kwanza inataja kampuni: 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 168c ni Atheros. Kwa vifaa vya USB tumia lsusb. Tafuta dawa kwa namba hiyo. Jina la laptopu lililobandikwa kwenye kifuniko linaweza kukupotosha kama lile la TL-WN722N.

Na intaneti ya kutafutia itoke wapi, ikiwa waifai ndiyo iliyokufa na laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu la waya wa mtandao? Itoke kwenye simu. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao bila draiva ya ziada. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai, hata bando halitaguswa. Fundi wa Windows asiyejua hili ataishia kusema mashine haikubali Linux. Debian nayo ilikuwa ikiwaongezea watu mzigo: hadi toleo la 11, fimuwea zisizo huru hazikuwemo kwenye fleshi rasmi ya kusakinishia. Baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2022, Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nazo. Niliufurahia uamuzi huo. Uhuru wa programu ni jambo la msingi, lakini asiyeweza kuunganika hawezi hata kuuonja.

Matatizo ya kuwasha yana dawa fupi mtu akishayajua. Laptopu nyingi za Acer zinaficha chaguo muhimu la UEFI mpaka uweke nywila ya msimamizi; ukishaiweka, unaweza kuchagua faili la Linux na kuliamini. Mashine nyingine hukataa kila kitu kisichokaa kwenye njia ya kawaida ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na kisakinishi cha Debian kinaweza kuweka nakala hapo. Diski isipoonekana kabisa, angalia kwenye mipangilio ya UEFI kama imewekwa kwenye RAID au RST badala ya AHCI, na usibadilishe kabla hujaiandaa Windows, la sivyo Windows ndiyo itakayogoma kuwaka.

Chromebook za mtumba zinastahili neno lake. Zilinunuliwa na shule za ng'ambo, muda wa masasisho yake ukaisha, na sasa zinafika kwetu kwa bei inayovutia. Ili kuziwekea Linux ya kawaida bila vikwazo, unatakiwa uandike upya programu yake ya kuwashia. Kinga dhidi ya uandishi huo kwenye za zamani ni skrubu moja ndani ya mashine. Kwenye mpya zaidi inalazimu kuchomoa betri. Sauti mara nyingi inasumbua, na hifadhi ya gigabaiti 16 hujaa upesi. Kwa fundi ni kazi nzuri. Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika ripoti kesho, hapana.

Kuhusu nguvu ya mashine sina mengi. RAM ya gigabaiti 2 haitoshi tena kwa kivinjari cha leo, hata ukichagua Linux nyepesi kiasi gani. Zram, inayobana data ndani ya RAM, inasaidia kidogo. Gigabaiti 4 inavumilika, 8 ni raha. Kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD kunaleta mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha toleo la Linux. Prosesa za biti 32 muda wake umekwisha: Ubuntu iliacha kutoa eneo-kazi la biti 32 mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mwenye pesa kidogo anayetaka Linux anunue mashine ya ofisi iliyozeeka, aache ile mpya iliyobanwa bei. Na aende dukani na fleshi yake yenye Linux Mint, aiwashe mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote, kisha ajaribu waifai akiwa mbali na ruta, spika, kamera, kuifunga na kuifungua kutoka usingizini. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anakuonyesha mashine ya kuiacha. Aliyekwisha kununua yenye waifai sugu afikirie kubadilisha kadi ya ndani na kuweka ya Intel au Atheros, akikumbuka kwamba baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao. Gharama yake ni ndogo kuliko siku anazopoteza.

Mafundi nina ombi kwenu. Miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nyumbani kwa mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu tukapata, maarifa ya kutibu mashine bado yako kwa Kiingereza, na mengi yanahusu mashine ambazo hazifiki kwenye soko letu. Kila mnapofanikiwa kuiwasha waifai au sauti iliyowasumbua, andikeni jina la mashine, namba ya chipu, toleo la kerneli na hatua mlizofuata, kwa Kiswahili, na muyaweke mahali ambapo fundi wa Kigoma, Kisumu au Lubumbashi atayakuta.